Kadi ya kupima mkojo ya dawa kumi: nyota tatu, na ntawaambia hizo mbili zimeenda wapi

Nimenunua hii kadi kwenye kemisti moja hapa Mombasa mjini, shilingi 1,500. Iko ndani ya karatasi ya fedha kama zile pakiti za shampuu lakini pana, ukipasua unakuta kadi nyeupe ya plastiki saizi ya kitambulisho, ina madirisha kumi madogo na chini vijiti kumi vya karatasi vimefunikwa kofia. Unatoa kofia, unachovya vijiti kwenye mkojo, unahesabu sekunde kumi na tano, unailaza mezani, dakika tano unasoma. Basi. Kikombe hawaleti, ujitafutie, mimi nilitumia kopo la siagi na naomba hilo kopo tusilizungumzie zaidi.

Nyota tatu nimeipa kwa haki manake kazi iliyoandikwa juu ya pakiti inaifanya. Hizo mbili zilizobaki hadithi yake ni ndefu kidogo, lakini kama unataka kununua kadi kama hii kwa sababu kuna mtu nyumbani unamshuku, soma mpaka mwisho, usifanye kama mimi niliyesoma nusu.

Mdogo wangu ana miaka 24, anaishi kwangu Bamburi. Kazi yake ni kufunga spika na taa kwenye shoo na klabu, Mtwapa, Nyali, saa zingine Diani, kwa hivo kurudi nyumbani alfajiri si ajabu, sisi tunaamka yeye ndio anavua viatu. Kijana mpole, pesa analeta, vyombo anaosha. Sina la kumsema.

Sasa kuna miezi hiyo nikawa nafua jinzi zake nakuta karatasi za bigijii, si moja si mbili, mfuko mzima. Nikamuuliza, akanambia muguka hiyo dada, si unajua muguka hailiki bila bigijii. Na ni kweli, yale majani machungu ya jamii ya miraa, watu wanayalainisha na bigijii na njugu, hakuna kona ya Mombasa utakosa mtu shavu limetuna. Mwaka 2024 gavana alipiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta nao wakafuata, watu wa Embu wanaoilima wakaenda kortini amri ikasimamishwa, na wauzaji wa mtaani kwetu wakarudi kwenye meza zao kama hawakuwahi kuondoka. Nikasema basi, muguka ni ujinga lakini nusu ya mtaa inatafuna, nikaacha.

Ila muguka haikuelezea mengine. Siku moja nimepika samaki wa ukwaju, tonge la kwanza tu akaruka, nikamwambia hebu fungua mdomo. Ndani ya mashavu kumechanikachanika pande zote mbili, kama mtu aliyekuwa anatafuna nyama yake mwenyewe. Mtu wa muguka anachubuka lile shavu moja analowekea bonge. Alafu Jumanne moja jioni nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda analia, hakuna aliyekufa, hakuna aliyemwacha, simu iko mkononi imezimwa. Una nini? Sijui dada. Jumatano asubuhi yake ulimi mzito, anaongea kama mlevi na pombe hainuki.

Na sisi watu wa Pwani ukitaja dawa za kulevya kichwani kinakuja kitu kimoja, unga, yaani heroini. Tumekua nao. Tumeona mateja wamelala barazani, tumezika watoto wa majirani, 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja baharini huku kwetu, jahazi moja tu hilo, na kina Akasha wenyewe, wale ndugu wa Mombasa waliokuwa wakiuza unga, wakaishia kufungwa New York, Baktash miaka 25. Kwa hivo mimi sikuwaza klabu, sikuwaza vidonge, niliwaza sindano. Nilimkagua mikono akiwa amelala. Nikaangalia mpaka baina ya vidole vya miguu. Safi. Nikasema basi anavuta huyu, na hapo ndipo nilipopanda matatu kwenda kutafuta kadi.

Jioni hiyohiyo nikamwekea kopo mezani. Akaangalia kopo, akaniangalia mimi. Nikamwambia ukikataa kusanya nguo zako urudi Msambweni kwa mama, ukamweleze mwenyewe kwa nini nimekutimua. Mama ana presha na sukari na yeye anajua nikimtaja mama sitanii. Akanambia, "Dada, mimi si mtoto." Nikamwambia basi kojoa kama mtu mzima. (Saa hii nikiandika naona haya lakini ndivyo nilivyosema.) Akaingia chooni, nikasimama mlangoni, na alipotoka nikalishika lile kopo kwa viganja viwili nihisi kama lina joto, manake nilishaskia wapo wanaotia maji ya mfereji. Kuna vikombe vya bei ya juu vina kipimajoto ubavuni, mkojo wa sasa hivi unatakiwa usome kama nyuzi 32 mpaka 38, lakini kadi ya 1,500 haina hiyo, una viganja vyako tu. Lilikuwa na joto.

Nikachovya, nikailaza juu ya gazeti, nikatega simu dakika tano. Sasa ukiwa mwanamke umeshapima mimba maishani mwako unaijua ile kungoja, unaenda unarudi, unajifanya unapanga vijiko. Na mimi kwa kichwa hichohicho cha kupima mimba ndio nikaisoma kadi. Mistari miwili, imo. Mstari mmoja, haimo. Nani asiyejua hivo? AMP ya amfetamini, miwili. COC ya kokeni, miwili. THC ya bangi, miwili. MOP, ambayo ndiyo ya unga, miwili tena imekoza. Dirisha baada ya dirisha, miwili, miwili, miwili, yote isipokuwa moja lililoandikwa BZO, hilo lilikuwa na mstari mmoja peke yake juu, na mimi nikashukuru Mungu angalau hii moja kijana hana.

Nikaipiga picha. Hiyo picha muikumbuke.

Sitaandika yote niliyosema usiku ule. Neno unga nilisema mara nyingi. Mwanzo alicheka, alidhani mzaha, alafu akaona machozi. "Unga? Mimi? Dada wallahi hata kuugusa sijawahi." Na mimi namsukumia kadi usoni, hii nini, na hii nini, kwani kadi ina ugomvi na wewe? Akaingia chumbani akatoka na kikaratasi kimekunjwa kunjwa, akaenda chooni, nikasikia maji. Akarudi akasimama mlangoni. "Haya. Nimeacha kila kitu. Umefurahi?"

Nikafurahi. Kati ya yote haya hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alhamisi jasho, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakishiki. Ijumaa hakulala, mlango ukigongwa anaruka, anasema feni inamsemesha. Mimi najua arosto hiyo, unga unatoka mwilini, na mtaani kila mtu atakwambia arosto inatesa lakini haiui, mfungie, mpe uji na maji, baada ya wiki anatoka mtu. Nikamfungia. Uji nikapika. Jumapili alfajiri nikasikia kishindo, nafungua namkuta chini baina ya kitanda na ukuta, amekakamaa, macho yamegeuka, taya zimebana, na mguu wake unapiga kabati, du du du du, ule mlio mpaka leo nikilala nausikia. Jirani ndiye aliyenipigia kelele dirishani mgeuze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Kijiko nilikuwa nacho mkononi tayari.

Tuktuk mpaka hospitali. Daktari wa zamu kijana tu, rika la mdogo wangu pengine, akaniuliza anatumia nini. Nikampa simu. Nikamwambia kila kitu daktari, unga, kokeni, bangi, kila kitu, isipokuwa hii moja hapa. Akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akanyamaza, alafu akaniuliza polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Dadangu, hii uliisomaje?"

Mistari miwili maana yake haimo. Mstari mmoja ndio imo. Hata ule wa pili ukiwa hafifu kama umechorwa na kucha, ni mstari, haimo. Nilikuwa nimesoma kadi nzima kichwa chini miguu juu. Vitu tisa nilivyomlilia hakuwa navyo, na kile kimoja nilichoshukuru Mungu kuwa hana ndicho kilichokuwa kinamuua chumbani nikiwa nimefunga mlango na ufunguo niko nao kwenye kanga.

Baadaye nilielezwa kwa nini iko hivo na nikaelewa, kwa hivo na nyinyi mtaelewa. Kwenye kile kijiti kuna rangi inapanda na mkojo, na juu kuna mahali imewekewa pa kukaa, ikikaa ndio unaona mstari. Dawa ikiwemo kwenye mkojo inaidaka rangi njiani, haifiki pahali pake, mstari hautokei. Kipimo cha mimba ni kinyume chake, kule ile homoni ndiyo inayoibeba rangi na kuifikisha. Ule mstari wa juu ulioandikwa C lazima utokee kila mara, usipotokea kadi ni mbovu tupa. Na usome dakika ya tano, usiende kupika urudi baada ya nusu saa, inaanza kusema mambo yake.

Nyota ya kwanza imekwenda hapo. Karatasi ya maelezo imeandikwa Kiingereza na Kichina, herufi kama sisimizi, na mchoro wa mistari uko nyuma chini kabisa baada ya maneno mengi kuhusu kuhifadhi mahali pakavu. Kadi inauzwa Mombasa, Kiswahili hata neno moja. Kile kitu kimoja ambacho kila mwanamke atakikosea, kiandikeni mbele kwa herufi kubwa. Na kemisti aliyeniuzia naye alikuwa anachati, sijui alidhani naenda kumpima ng'ombe.

Nyota ya pili ndio kubwa. BZO ni benzodiazepini, ile jamii ya valiamu na Rohypnol, huku kwetu wanaita bugizi. Mtu akimeza kila siku kwa miezi, alafu akaacha siku moja ghafla, ubongo uliokuwa umezoea breki unabaki hauna breki, ndio jasho, ndio feni kumsemesha, ndio kifafa, na kifafa hicho kinaua. Pombe nayo ni hivohivo kwa mlevi wa kila siku. Arosto ya unga inatesa vibaya mno lakini kwa mtu mwenye afya na anayepewa maji kwa kawaida haimuui, ya bugizi inaua, na mtaani zote tunaziita arosto tunazitibu kwa uji na kufuli. Karatasi ya ile kadi inakwambia ukipata jibu la ndio peleka mkojo maabara ukathibitishwe, basi. Haikwambii kabla hujamtupia mtu vidonge chooni muulize anavila tangu lini na vingapi. Sentensi moja tu, mngeshindwa nini?

Dawa aliyopewa hospitali ni diazepamu. Nikamwambia daktari, unampa tena ileile? Akanambia ndio, jamii ileile, alafu tunashuka naye ngazi moja moja, wiki kwa wiki, mpaka chini. Saa hii vidonge nimevifungia kwenye kabati la vyombo, asubuhi na jioni namhesabia, na kila baada ya wiki mbili wanampunguzia kidogo. Kwa hivo mkimwona mtu anatibiwa bugizi kwa vidonge msiseme wanamlewesha, mimi nilikaribia kuusema huo upuzi pale wodini mbele ya watu.

Siku ya tatu akaanza kuongea, nimemletea mbaazi na mahamri, anakula huku ananieleza bila kuniangalia. Ilianza na molly, ndiyo MDMA, kidonge cha klabu. Disemba ile ya shoo mfululizo, usiku tatu nne bila kulala, mmoja wa wenzake akampa nusu, akasema alibeba spika kama mito na kila mtu pale ndani alikuwa ndugu yake. Ile ndiyo inayomfanya mtu asage meno, ndio bigijii, ndio mashavu, na ndio maana Jumanne analia, manake ile furaha yote mwili unakuwa umeitumia Ijumaa usiku na katikati ya wiki hakuna akiba. Sasa unatoka klabu saa mbili asubuhi, macho yamekodoka, moyo unakimbia, na jioni una kazi nyingine. Hulali. Ndio mtu mwingine akamwambia meza hii, nusu tu, utalala kama mtoto. Akalala. Nusu ikawa moja, moja ikawa mbili, ikawa hata wiki isiyo na shoo anameza, ikawa akichelewa kumeza mikono inacheza. Miezi mitano. Akanambia kitu ambacho nimekaa nacho sana, kwamba molly akiikosa hajali, kilichokuwa kinamtisha ni kuamka na kukuta kile kikaratasi kitupu.

Sote tunakodolea macho kidonge cha kuchezea, na kumbe aliyemfunga kamba ni kidonge cha kulalia, ambacho hakuna hata mtu anakihesabu kuwa dawa ya kulevya.

Mtauliza, mbona kadi haikuonyesha molly na dirisha la MDMA lipo? Alimeza Ijumaa usiku, mimi nimempima Jumatano. Siku mbili tatu inakuwa imeshatoka kwenye mkojo. Kokeni nayo vivyo hivyo, mbili tatu, nne. Valiamu na ndugu zake wengine wanakaa siku nyingi, wiki kadhaa kwa anayetumia sana, bangi kwa mvutaji wa kila siku hata mwezi. Kwa hivo kadi safi ya katikati ya wiki kwa mtu wa wikendi haina maana kubwa, na kama unampima ili umkamate, yeye akijua kalenda amekushinda.

Si kwamba molly nimeisamehe. Usiku ule wa kwanza kwenye benchi la hospitali nilikuwa nasoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha, na mambo ya joto ndiyo yaliyonikaa. Inapandisha joto la mwili na kukufanya usijisikie kuchoka, sasa itie ndani ya klabu ya Mtwapa mwezi wa pili, watu mia tatu, feni inasukuma hewa ya moto kutoka ukuta huu kwenda ule. Watu wanaanguka kwa joto. Na wanaoambiwa wanywe maji nao wanakunywa kupita kiasi, ile dawa inazuia mkojo, chumvi ya mwili inapungua. Leah Betts, msichana wa Uingereza, Novemba 1995, sherehe yake ya kutimiza miaka 18, kidonge kimoja na maji kama lita 7 ndani ya saa moja na nusu, ubongo ukavimba akafa. Maji! Mdogo wangu akanambia yeye alikuwa anakunywa chupa kubwa kubwa ili "iwe salama". Na hivyo vidonge vyenyewe vimechapwa nembo nzuri nzuri, ndani aliyekichanganya ndiye anayejua, wewe unameza rangi na jina.

Na bugizi kwenye klabu sio ya wanaoitaka peke yao. Ndio moja ya hizo wanazotia watu kwenye vinywaji, ule mchele tunaousikia, mtu anaamka hotelini au mtaroni hana simu hana pochi, na wanawake yanawakuta mabaya zaidi ya pochi. Inafuta kumbukumbu, ndio sifa yake kwa wezi. Kampuni iliyotengeneza Rohypnol ilikuja kubadilisha kidonge kikawa kinayeyuka polepole na kugeuza kinywaji rangi ya buluu ili mtu ashtuke, lakini hivi vya kufungwa kwenye karatasi havina hiyo heshima. Alafu ukiichanganya na pombe kwa hiari yako, vyote viwili vinapunguza pumzi, mtu analala kwenye kochi la klabu wenzake wanampiga picha wanacheka, kumbe anaacha kupumua.

Turudi kwenye kadi. Madirisha yake kumi yamepangwa na mtu asiyetujua. Kuna PCP, sijui ni ya nini huku. Kuna BAR ya babitureti, hiyo ukimpima mgonjwa wa kifafa anayetumia fenobabitoni itakupa jibu umtuhumu bure. Kuna MTD ya methadoni, dawa wanayopewa wanaotibiwa unga, ambayo mgonjwa wa kliniki lazima aonekane nayo. Lakini tramadoli, ile dawa ya maumivu, haipo, na usidhani MOP itaishika, haiishiki, inataka dirisha lake. Ketamini haipo. Ile ya maji wanayoita G, yaani GHB, haipo, na hata ingekuwepo inatoka mwilini kabla ya saa 12 kwisha. Muguka haina dirisha. Na hata BZO yenyewe ni ya bahati, inashika vizuri ile ya valiamu lakini Rohypnol na klonazepamu mara nyingi zinapita bila kuonekana, kwa hivo mdogo wangu angekuwa amepewa kidonge kingine kadi ingetoa mistari miwili kumi kwa kumi na mimi, kwa akili zangu zile, ningesema anatumia vyote. Zipo kadi zenye KET na TRA, uliza kabla hujalipa.

Kuna shoga yangu alinambia nimpeleke kliniki ya methadoni Kisauni, kwa nia njema, lakini methadoni ni ya unga na ndugu zake, haina kazi kwenye molly wala bugizi, tena methadoni na bugizi pamoja ni hatari ya kuzima pumzi. Usimpeleke mtu kwa kuambiwa na shoga. Laini ya NACADA, ile mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, ni 1192, ni bure, waulize hao.

Nyota tatu ilizobaki nazo kadi: bei, urahisi, na ile picha. Ile picha ilimfanya daktari ajue cha kumpa ndani ya dakika mbili, na mimi nilikuwa naapa kuwa ni unga. Kadi ilikuwa inasema kweli muda wote.

Nilinunua mbili siku ile, moja ilibaki. Mwezi uliopita nikamwambia twende tuitumie, akanambia mstari wa BZO si utakuwa mmoja tu manake dawa si unanipa mwenyewe kutoka kabatini. Kweli. Nikamwambia basi najipima mimi, nijifunze kusoma, akacheka akasema haya dada, kopo lako liko wapi. Nikachovya, nikailaza, dakika tano, tumeinamia meza wote wawili. Miwili, miwili, miwili, miwili. MOP, mstari mmoja. Nikaigeuza kwenye mwanga, mmoja. Nikakumbuka jino lilivyonisumbua juzi na vile vidonge vya maumivu vya kemisti, nikaenda kuchukua pakiti nikasoma, ina kodeini, na kodeini kadi haijui kuitofautisha na unga.

Yeye ameshaipiga picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akaniangalia kwa uso mkavu kabisa.

"Sasa dada," akanambia, "kusanya nguo zako nikupeleke Msambweni kwa mama."